Mto Hausomwi Siku Moja

Wajukuu zangu wa Buswelu, nimechoka, lakini hili bado nina nguvu ya kulisema. Juni ikifika shule hufungwa, kiangazi kimeshika, na mara nyingi hutokea mtu mwema mwenye fulana mpya akawapeleka mtoni. Mnaokota chupa za plastiki, mnapiga picha na bango, mnapanda daladala mkiimba. Mwaka unaofuata fulana ni za rangi nyingine na mto ni uleule. Sisemi mwache kwenda. Nasema mnaondoka mapema mno, tena hamrudi.

Tazameni Mto Mirongo. Unapita Mabatini, unakatiza katikati ya jiji la Mwanza, unaingia ziwani. Juni maji yake ni haba, na mnachokiona ni uchafu wenyewe ambao mvua haijauzimua: maji ya kufulia, choo kilichovuja, mafuta ya gereji. Masika mto huohuo hujaa hadi kutisha nyumba za watu, ukiwa na rangi ya udongo wa vilima tunavyovichonga ili tujenge. Mwenye kipimo cha Juni peke yake atalaumu vyoo. Mwenye cha Aprili atalaumu wanaojenga mlimani. Watabishana mpaka kesho, na kila mmoja ana haki nusu.

Kwa hiyo nendeni na daftari. Chagueni mahali pamoja penye alama isiyohama, jiwe kubwa au nguzo ya daraja. Pimeni upana kwa kamba, na kina kwa fimbo sehemu kadhaa mpate wastani. Kisha liachieni chungwa lielee mita 10, mwenzenu akihesabu sekunde kwenye simu. Chungwa linafaa kwa kuwa huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, basi gawanyeni 10 kwa sekunde hizo mpate mwendo, mwendo huo mzidishe kwa 0.85, kisha kwa upana na kwa kina. Hapo mmejua ni mita ngapi za ujazo zinazopita kila sekunde. Maji mengine yachoteni kwenye chupa angavu, yatulie usiku kucha, mpime tope kwa rula.

Halafu geuzeni mawe. Hapa ndipo napapenda kuliko pote. Kuna mabuu yenye mikia mitatu myembamba na mashavu ya kupumulia ubavuni. Mengi ya jamii hiyo hayavumilii maji yaliyokosa oksijeni. Mkikuta vijidudu vyekundu tu ndani ya tope, jueni hali ni mbaya: wekundu ule ni himoglobini, kama ya damu yetu, inayowawezesha kuishi mahali ambapo wengine wamekufa. Tanzania tunayo njia yetu ya kuupa mto alama kwa wadudu hawa, inaitwa TARISS, iliyotolewa mwaka 2015. Kila jamii ya mdudu ina alama yake kwa kadiri inavyoweza kuvumilia uchafu. Wavu wa kushonwa nyumbani na sahani nyeupe vinatosha kuanzia.

Ila msiingie miguu mitupu. Kichocho kipo kwetu, na kimelea chake hutoka kwa konokono kikapenya ngozi, hasa jua likiwa kali. Vaeni mabuti marefu. Na mtu asiwashawishi kuteremka mahali penye mamba au viboko.

Mtaniuliza kwa nini nasisitiza kurudi. Mwaka 1927 wapimaji walishusha kisahani cheupe katika Ziwa Victoria, wakaandika kilipopotea machoni: huko mbali na pwani, kina cha hadi mita 8 hivi. Miaka ya 1990 wengine walishusha kisahani cha namna hiyo, na mara nyingi hakikuonekana hata kufika mita 3. Mwani umeongezeka, umelishwa na mbolea, majitaka, udongo wa mito, hata vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Tunajua hivyo kwa sababu mtu aliandika namba. Asingeandika, tungebaki na maneno ya sisi wazee, na mzee kila cha zamani hukiona kizuri.

Yuko pia ningu. Samaki huyu hupanda mito mvua zinapoanza ili atage. Nyavu zilitegwa midomoni mwa mito zikamkuta njiani na mayai yake, akapungua sana hata kabla sangara hajalitawala ziwa. Mwanafunzi aendaye mtoni Juni tu hatamwona ningu akipanda, wala hatajua mto ule ulikuwa na kazi hiyo.

Nanyi wazazi wenzangu, najua mnataka tuisheni na kambi za masomo. Lakini mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikaa na mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, kibarazani kwake Dar es Salaam, wakamweleza yanayowasumbua katika mazingira yao, na hapo ukaanza mpango wa Roots & Shoots ambao umefika nchi nyingi duniani. Walikuwa na umri wa watoto wenu. Mpeni huyu wa kwenu Jumamosi moja kila mwezi.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wajukuu zangu, pimeni hizo 60 kwa kamba yenu na mwandike kilichomo: tuta la mchicha, tanuri la matofali, shimo la mchanga. Msigombane na mwenye mchicha, ana watoto wa kulisha. Andikeni tu, na tarehe.

Daftari lisiwe la mtu. Anayemaliza kidato cha nne amkabidhi wa kidato cha pili, palepale kwenye jiwe, amwoneshe kamba inapofungwa. Nakala mpelekeeni afisa wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi iko hapahapa Mwanza, na mwombeni awafundishe wao wanavyopima.