Lile Jiwe la Kwenye Foleni

Kwenye harusi za Dar es Salaam, ukipigwa wimbo wa zamani wa bendi ya Mlimani Park au wa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, sisi wa rika letu huacha sahani mezani tukainuka kucheza. Wapo wanaolengwalengwa na machozi. Vijana hutuangalia, halafu huuliza: hivi enzi zenu zilikuwa nzuri kiasi hicho?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa ukweli. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na mwaka huohuo Vita vya Kagera vilianza. Mbaraka alifariki Mombasa Januari 1979 baada ya ajali ya gari, vita vikiwa bado havijaisha. Kilichofuata ni miaka ya kukosa. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya kupikia hakuna. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Mama zetu walitoka alfajiri kuwahi foleni dukani, na mwenye mtoto mgonjwa nyumbani aliweka jiwe mahali pake akaenda kumwangalia. Akirudi, jiwe lipo, na waliokuja nyuma yake wako nyuma yake.

Hakuna anayeitamani foleni ile. Mimi naamini tunachokililia ni lile jiwe.

Na redio pia. Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Tulikuwa na Radio Tanzania, basi. Mwenye redio aliiweka dirishani, betri zikichoka akazianika juani, na jioni mtaa mzima ukasikiliza muziki mmoja, mpira mmoja, matangazo ya vifo yaleyale. Msiba ukitangazwa, watu walishajua pa kwenda kabla mtangazaji hajamaliza kutaja majina ya ndugu. Marehemu dada yangu alikariri nyimbo zote za bendi kupitia dirisha la jirani. Ndiyo maana zikipigwa leo, namsikia yeye kwanza kabla ya mwimbaji.

Najua ukaribu ule kwa sehemu ulizaliwa na shida, na siwezi kumtakia binti yangu akose sabuni ili tu apate majirani. Lakini sikubali kwamba shida ndiyo iliyolilinda jiwe. Walililinda watu, nao walikuwa na njaa na haraka kama mwenye jiwe.

Mtaani kwangu sasa kila nyumba ina sukari, na kila nyumba ina geti. Ramadhani iliyopita, mama wa nyumba ya mkono wa kulia alimtuma mwanawe na bakuli la tambi za nazi. Kabla ya hapo tulikuwa tukipungiana mikono tu garini. Bakuli halirudishwi tupu, nikalijaza maembe nikalipeleka mwenyewe. Tulikaa kibarazani kwake hadi adhana ya Isha, na tangu siku hiyo yeye ni Mama Swaumu, mimi ni Mama Neema.