Je, Kunyamaza kwa Ajili ya Umoja ni Wema?

Somo: 1 Wafalme 22:1–38



Kifungu cha 240 cha Katiba yetu ya 2010 kinataja watu tisa wa Baraza la Usalama wa Taifa: Rais na Naibu wake, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, mkurugenzi wa ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Tisa tu, kama kamati ya ujenzi ya kanisa. Lakini kundi dogo namna hiyo likikubaliana, kijana kutoka Bomet anaweza kujikuta Somalia, kama jeshi letu lilivyovuka mpaka Oktoba 2011. Ama Haiti, ambako polisi wetu wa kwanza, kama 400 hivi, walifika tarehe 25 Juni 2024. Februari 2025 afisa wa kwanza wa Kenya aliuawa huko.

Siandiki siasa. Kama ilifaa kuwatuma ama la, kila mmoja wetu ana maoni yake. Swali langu ni la moyo. Mtu akiwa ndani ya chumba kama hicho, aone hatari, kisha anyamaze ili asivuruge umoja, je, huo ni unyenyekevu ama ni dhambi?

Tusome habari za Ahabu. Alitaka kwenda vitani Ramoth-Gileadi, akakusanya manabii kama 400. Wote wakasema aende. Sedekia akajitengenezea hata pembe za chuma. Alipoitwa Mikaya, yule mjumbe alimshauri njiani aseme tu vile wenzake wamesema. Unaona hapo? Hakuna aliyemwambia adanganye. Aliambiwa tu asiwe tofauti. Mwishowe Mikaya alisema ukweli, akapigwa kofi, akapelekwa gerezani.

Sisi hupenda kuhubiri juu ya Mikaya. Lakini mtu ninayemwogopa katika sura hii ni Yehoshafati, kwa sababu anafanana na sisi. Ni yeye aliyeuliza kama hakuna nabii mwingine wa Bwana. Ina maana moyo wake ulikuwa na mashaka. Akalisikia neno la kweli kwa masikio yake. Mikaya akapigwa mbele yake, na Biblia haituonyeshi kwamba alisema lolote. Kisha akapanda na Ahabu kwenda vita ile ile, karibu afe. Alikuwa ameshamwambia Ahabu mapema kwamba wao ni kitu kimoja. Akishasema hivyo, atarudi nyuma vipi?

Nikisoma biashara chuoni tulifundishwa juu ya Irving Janis, msomi wa Marekani aliyeandika mwaka wa 1972 kuhusu jambo hili. Alichunguza, pamoja na mengine, uamuzi wa Rais Kennedy wa Aprili 1961 wa kupeleka Wakuba kama 1,400 waliokuwa uhamishoni kuvamia nchi yao kwenye Ghuba ya Nguruwe. Ndani ya siku tatu walikuwa wameshindwa, na wengi wakatekwa. Wale washauri hawakuwa wajinga. Mmoja wao, Arthur Schlesinger, alimwandikia rais kupinga mpango huo, lakini mkutanoni alikaa kimya, na baadaye alijilaumu kwa kimya hicho. Janis alisema kundi likipendana sana na kumheshimu sana kiongozi, kila mtu huanza kujikagua mwenyewe kabla ya kusema. Kila mmoja hufikiri ni yeye peke yake ana shaka.

Kennedy alijifunza. Oktoba 1962, wakati wa makombora ya Urusi kule Kuba, mikutano mingine aliacha washauri waketi bila yeye, ili waongee huru. Walibishana kwa siku nyingi, na vita vikaepukwa.

Mtu atasema, “Lakini Pasta, si Biblia inataka tuwe na nia moja?” Ndiyo. Soma Matendo 15. Walipokutana Yerusalemu walihojiana sana kwanza, ndipo wakafikia nia moja. Umoja wao ulikuja baada ya maneno kusemwa. Hata wazee wetu wa kokwet husikilizana kwanza, ndipo neno lifungwe. Tena kusema si kugombana. Anayepinga kila kitu ili aonekane ni tatizo lingine, na anayesubiri mkutano uishe aende kunong'ona barabarani hajasaidia mtu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kunyamaza ni wema pale gharama ni yangu. Nikinyamaza na atakayeumia ni mtu mwingine ambaye hayuko chumbani, huo si unyenyekevu tena. Kamati ya kituo cha majani chai ikikubaliana vibaya, atakayelipa ni mama aliyeamka alfajiri na kikapu mgongoni. Baraza la taifa likikosea, atakayelipa ni mtoto wa mtu.

Wewe uliye mwenyekiti, hata kama ni wa chama cha wamama kumi, toa maoni yako mwisho. Anza kuuliza aliye mdogo. Akikupinga, mshukuru mbele ya wote, maana wengine wanaangalia atafanywa nini. Na wewe uliye mwanakamati, ukiwa na shaka, iseme humo humo ndani, kwa heshima, mara moja na kwa uwazi. Tena tunapowaombea viongozi wetu, tusiombe wakubaliane tu. Tuombe Mungu aweke Mikaya kati yao, na awape masikio ya kumsikia.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Kwa nini Yehoshafati alienda vitani baada ya kusikia ukweli?
2. Katika kamati yako, ni nani atakayelipa mkikosea, na nani anamsemea?