Sahani ya Mtoto na Deni la Baba

Swali hili limetusumbua sisi walimu muda mrefu, nasi twaliweka leo mbele yenu, wasomaji wetu, maana twajua ya kuwa katika vijiji vingi laulizwa, ingawa kwa sauti ndogo. Wazazi wamepatana kuleta mahindi na maharage ili watoto wale mchana shuleni. Wengi wameleta, mmoja hakuleta. Saa sita imefika, sufuria imeepuliwa, na mtoto wa huyo asiyeleta amesimama mstarini pamoja na wenzake, ameshika sahani. Je, apakuliwe au asipakuliwe?

Mwenye huruma atajibu upesi, “Apakuliwe.” Lakini na amsikilize kwanza mama mmoja wa kijijini kwetu, mjane, aliyesimama katika mkutano wa wazazi akasema hivi: “Debe langu nimelikopa kwa jirani, nami nitalilipa kwa kulima shamba lake. Huyu bwana ana ng’ombe, na mahindi yake ameyauza. Kama mtoto wake atakula sawasawa na wangu, mimi nimekopa kwa sababu gani?” Mkutano mzima ukanyamaza. Mama yule hakusema kwa choyo. Alidai haki, na mtu yeyote atakaye kulijibu swali letu hana budi kumjibu mama yule kwanza.

Basi kamati ikaamua, nasi walimu tukakubali, ya kuwa mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga asile. Majina yakaandikwa katika daftari, na daftari likawekwa jikoni kwa mpishi. Watoto wale wakaambiwa wakae chini ya mbuyu hata wenzao wamalize. Tulidhani ya kuwa baada ya siku tatu baba zao wataona haya na kuleta. Zikapita siku tatu, likapita juma, ukapita mwezi. Wachache walileta. Waliosalia waliketi chini ya mbuyu, na mmoja wao, mtoto wa darasa la tatu, akazoea kuja baada ya chakula kumsaidia mpishi kuosha sufuria. Tulimsifu kwa bidii yake. Baadaye ndipo tulipofahamu ya kuwa alikuja kwa ajili ya ukoko.

Tena likazuka jambo jingine. Wasichana wawili walionekana wakimega makande yao na kuwapelekea wale wa mbuyuni kwa siri. Mjumbe mmoja wa kamati akasema ya kuwa wanaiharibu sheria, nasi, twaona haya kusema, tuliyaandika na majina yao. Jioni ile mwenzetu mmoja akauliza, tukiwa twarudi nyumbani, kama kweli tumekuja kijijini kuwafundisha watoto wasigawane chakula. Hakuna aliyemjibu.

Yafaa tuseme jinsi mambo yalivyofika hapo. Sisi ni watu wa nyanda kavu za Dodoma, ambako mvua ikikosa mwezi mmoja huwa imekosa mwaka mzima. Tangu mwaka 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta chakula katika shule nyingi za mikoa yenye ukame, Dodoma na Singida miongoni mwake. Siku zile mtoto alikula kwa kuwa ni mtoto na yupo shuleni, wala hakuna aliyeuliza habari za baba yake. Baadaye msaada ule ukapungua, hata ukakoma katika shule nyingi, na kazi ikarudi kwa wazazi. Mwaka 2016 ada ya shule ilikwisha futwa, lakini chakula cha mchana cha wanafunzi wa kutwa kilibaki mikononi mwa wazazi. Na mwaka 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima mashuleni. Hapo wengine walisikia neno “bure” wakaacha kusikiliza yaliyofuata. Nasi twakiri jambo moja: chakula kilipokuwa cha wageni tulikuwa wakarimu sana, na kilipokuwa chetu tukaanza kuhesabu midomo.

Jambo hili si geni, wala si la Afrika peke yake. Katika vita vya Makaburu, tangu 1899 hata 1902, vijana wengi wa Uingereza waliojitoa kuwa askari walikataliwa kwa udhaifu wa miili yao, na wakuu wakashtuka. Kamati iliyochunguza habari hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1904, na mwaka 1906 Bunge likapitisha sheria ya kuziruhusu mamlaka za elimu za mahali kuwapa chakula watoto wa shule. Wapinzani walikuwa na hoja ile ile ya mkutano wetu: mkimlisha mtoto, baba atastarehe. Sheria ikajibu kwa njia iliyotustaajabisha tulipoisoma. Mzazi mwenye uwezo alipaswa kulipa, na asipolipa aliweza kudaiwa kama adaiwavyo mtu deni lingine. Lakini mtoto alikula. Tena mzazi aliyeshindwa kulipa hakunyang’anywa haki yake ya kupiga kura kwa sababu hiyo. Mwaka uliofuata, katika mji wa Bradford, watoto wapatao 40 walipewa chakula shuleni na kupimwa uzito: waliongezeka majuma ya shule, na likizo ilipofika na chakula kukoma, uzito ukapungua. (Wenye shamba hawatashangaa. Lakini yaonekana wakuu huhitaji mizani.)

Huko India walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 kulikuwa na ukame, na nafaka imejaa katika maghala ya serikali. Raia wakaipeleka habari hiyo mahakamani, na tarehe 28 Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya nchi ikaamuru kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali, au iliyosaidiwa na serikali, apewe chakula kilichopikwa, siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Kijiji chetu hakina maghala kama yale, kwa hiyo twarudi mbuyuni.

Kosa letu lilikuwa kufunga pamoja vitu viwili visivyo vya mtu mmoja. Deni ni la baba, na njaa ni ya mtoto. Tulipomnyima mtoto, baba hakuumia, maana saa sita hakuwapo. Alikuwa sokoni, au kilabuni, au kweli shambani. Walioona ni sisi na wale watoto wengine, nao tuliwafundisha kula huku mwenzao akiwatazama. Tangu zamani katika nchi yetu mtoto wa jirani akikukuta unakula hunawishwa mikono, wala haulizwi baba yake alilima nini. Sisi tuliosoma ndio tuliolivunja desturi hilo, tena kwa daftari.

Lakini mjane yule bado amesimama, naye angojea jibu lake. Twamwambia hivi: haki yako ni kwamba yule bwana mwenye ng’ombe alipe. Haki hiyo haitimizwi kwa mtoto wake kulala njaa, maana wewe hupati hata punje moja ya mahindi yako kwa njaa yake. Twajua ya kuwa jibu hili halimtoshi. Ataogopa kwamba mwakani wengine nao wataficha madebe yao, na hofu yake ina msingi, kwa kuwa tulipobadili shauri baadhi ya watu walifanya hivyo hivyo, na mwezi wa Februari makande yaligeuka uji kwa majuma mawili. Uji huo tuliula wote. Kama mtu ana njia isiyo na hasara yoyote, na atuonyeshe, sisi hatujaiona.

Tena mtu asiitegemee sahani ya shule kupita kiasi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Kudumaa huko huanza tumboni mwa mama, na sehemu kubwa huwa imekwisha kutendeka mtoto akitimiza miaka miwili, kabla hajajua shule ni nini. Aliyekosa chakula bora wakati ule hatarudishiwa kimo chake na makande ya darasa la kwanza. Lakini huyo huyo aweza kutembea mwendo wa saa nzima asubuhi bila kifungua kinywa, na saa nne akawa haoni ubao vizuri. Huyo sahani yamfaa leo. Na iwe sahani kweli: mahindi na maharage hujaza tumbo, lakini watoto wahitaji pia mchicha, karanga, dagaa kila wapatikanapo, na chumvi yenye madini joto.

Sasa kwetu mambo ni hivi. Mzazi asiye na nafaka huleta kuni au maji, au hulima siku kadhaa katika shamba la mtama la shule, na siku zake huhesabiwa kama debe. Mjane yule amechagua shamba, wala hakukopa tena. Mwenye uwezo asiyeleta huitwa katika mkutano wa kijiji, akaulizwa mbele ya wazee wenzake. Yule bwana wa ng’ombe aliitwa mara mbili, mara ya pili akaleta nusu. Nusu ya pili bado twamdai. Daftari la madeni limeondolewa jikoni, nalo lakaa kwa mtendaji wa kijiji. Mpishi hajui tena kilichoandikwa humo, naye hupakua kwa kufuata mstari.