Ng'ombe Hachimbi Muhogo



Juzi kwenye jumuiya yetu hapa Ubena, mama mmoja alilia kwamba shamba lake la muhogo limeharibiwa usiku. Hata hajamaliza, sauti zikapanda. "Ni ng'ombe wa yule bwana. Wafugaji tunawajua!" Mwingine: "Mwaka jana si walinilia mahindi?" Wa tatu akasema mzee fulani naye anaamini hivyo, na mzee hasemi uongo. Sababu tatu, na hakuna hata moja iliyofika shambani. Ya kwanza inamhukumu mtu kwa kazi yake, ya pili ni habari ya mahindi, ya tatu inaegemea mvi.

Kijana aliyekaa mlangoni akauliza: "Mama, majani yameliwa, au mashina yamefukuliwa?" Yamefukuliwa, mizizi imetafunwa, udongo umetapakaa. "Basi ng'ombe hachimbi muhogo. Hao ni nguruwe pori." Hakupaza sauti. Kukawa kimya.

Nikaikumbuka Bagamoyo. Februari 1874, Chuma, Susi na wenzao waliufikisha pale misheni mwili wa bwana wao, mmisionari David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Njiani walikuwa wameufunga kama mtumba wa nguo ili wapitishwe. Ulipofika Uingereza, swali likawa: ni yeye kweli? Hapo cheo cha mtu hakisaidii, wala machozi. Daktari William Fergusson aliukagua mkono wa kushoto, akaona mfupa uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma na usiounga vizuri. Aprili 18 wakamzika Westminster Abbey.

Someni Yohane sura ya 7. Nikodemo anawauliza Mafarisayo wenzake, waliotaka kumkamata Yesu, kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Nao wanamjibu kwa kumuuliza kama na yeye ametoka Galilaya! Swali lake wameliacha palepale chini, wamemshika yeye. Mara ngapi tumefanya hivyo barazani, na hata nyumbani kwa wake na watoto wetu?

Yule mfugaji hakuwepo jioni ile. Na mimi, padre wenu, nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa kukubali. Nimekwenda kwake kumwomba radhi. Jumamosi tunakutana shambani kwa mama, tufukie mashimo na kupanda pingili mpya; yeye amesema ataleta samadi.