Mwenzako Kazini Haonekani: Ugonge, Usubiri, au Uite Polisi?



Vijana wenzangu, hasa ninyi mnaofanya kazi mbali na nyumbani, leo tuzungumze jambo ambalo halimo kwenye mafundisho ya kipaimara ila linatukuta. Tuseme uko Sibwesa, huku kwetu wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Wewe ni mwalimu, au muuguzi wa zahanati, au afisa ugani. Mwenzako mmoja amepangiwa kazi hapa akitokea Mara au Kilimanjaro, hana ndugu, amepanga chumba peke yake. Jumatatu hakuja kazini. Simu haipatikani. Mnasema, "Ah, mtandao wa huku!" Jumanne hajaja. Mmoja anasema labda kaenda Mpanda mjini benki. Mwingine anacheka: "Mshahara umetoka, mwacheni jamani." Sasa Jumatano je? Ni lini inakuwa wajibu wako kwenda polisi na kusema, njooni tumwangalie mtu wetu?

Tukichelewa huwa tunasema ni heshima, eti mambo ya mtu tusiyaingilie. Mimi nadhani mara nyingi siyo heshima, ni kuogopa aibu. Unawaza: nikifika na mwenyekiti wa kijiji na askari, halafu jamaa afungue mlango anapiga mswaki, nitachekwa mwaka mzima. Haya, katika hesabu hiyo, anayelindwa ni nani? Siyo yeye.

Fungua Injili ya Marko, sura ya 2, wale wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Tumezoea kuhubiri juu ya imani yao. Leo tuliangalie lile paa. Walitoboa paa la nyumba ya watu, wakakatiza mafundisho ya Bwana mwenyewe, na Injili haituambii popote kwamba Yesu aliuliza nani atalitengeneza. Aliiona imani yao. Yao wale waliobeba! Lakini tusiruke kitu kingine: hawakuanza na paa. Walijaribu kwanza kumfikisha kwa njia ya kawaida, umati ukawazuia. Na walipotoboa, walitoboa mbele za watu, siyo kwa kunyemelea.

Wenzetu wa VIWAWA wanaijua njia ya Ona, Amua, Tenda. Imetoka kwa Kardinali Joseph Cardijn, Mbelgiji aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi mwaka 1925. Na nyuma ya Cardijn (mnivumilie kidogo na falsafa yangu) yupo Mtakatifu Thoma wa Akwino. Anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru jambo litendeke, na hilo la tatu ndilo kubwa. Tena anakubaliana na Aristotle: shauri lisikimbizwe, ila ukishaamua, fanya upesi. Sisi tunageuza. Tunaamua upesi upesi kwamba "amelewa tu huyo", halafu kutenda ndiko kunachukua siku tatu.

Kwa hiyo, kuona kwanza. Nenda mwenyewe, usitume mtoto. Gonga, ita jina lake. Muulize mama ntilie anayemuuzia chakula, bodaboda anayembeba, jirani wa ukuta mmoja: mara ya mwisho mlimwona lini? Angalia kufuli liko nje au mlango umefungwa kwa ndani, kwa sababu hiyo peke yake inabadilisha habari yote. Mkuu wa kazi aangalie faili kama kuna namba ya ndugu, ampigie. Haya yote yanamalizika kwa saa moja au mbili.

Kuna hali ambazo hata hiyo saa moja hamna. Unasikia mtu anakoroma vibaya na haitiki. Mtoto analia ndani bila kunyamazishwa. Unajua alilala na jiko la mkaa, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Juni. Hapo piga yowe, watu waje, mlango uvunjwe, polisi watakuta mmeshamtoa nje apate hewa. Ila usivunje peke yako. Ita majirani na mwenyekiti au balozi wasimame pale, maana kesho ukisikia "simu yangu haionekani" utahitaji mashahidi.

Na ikiwa mlango umefungwa kwa ndani, haitiki, ndugu hawajui, na hii siyo tabia yake, basi ushahidi umetosha. Huhitaji kuwa na hakika. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, naye awaite polisi, au piga 112 mwenyewe kama mtandao upo. Kama ni dada ambaye mnajua anapigwa nyumbani, usiende kugonga wewe. Mnaweza kumwongezea kipigo cha usiku. Hiyo ipeleke moja kwa moja polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

Sasa sehemu ngumu. Huenda wiki iliyopita mwenzako alisema amechoka kuishi, akagawa vitu vyake, akaaga kwa namna ya ajabu. Hapo unasita kwa sababu nyingine, na hiyo siidharau: kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kujaribu kujiua ni kosa. Unaogopa kumpeleka mahabusu mtu uliyetaka kumwokoa. Wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kwetu bado kipo, na binafsi naona kinawafanya watu wanyamaze pale wanapotakiwa kupaza sauti.

Hata hivyo, usinyamaze. Mtu akishtakiwa, bado anaweza kutetewa, kuombewa, kupewa dawa. Waambie polisi ulichokiona na ulichokisikia. Usiwape tafsiri yako wala umbeya wa ofisini. Twende na muuguzi. Mpigie paroko au katekista. Akikutwa hai, zahanati kwanza, na mmoja wenu alale pale naye.

Na asitokee mtu wa jumuiya kumwambia kwamba ameshajipeleka motoni. Katekisimu, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba mahangaiko makubwa ya akili na hofu nzito hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba hata kwa waliojiua tusikate tamaa juu ya wokovu wao.

Hapo jirani Karema, Adrian Atiman alifika mwaka 1889, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, mzaliwa wa mbali kule upande wa mto Niger. Akawa tabibu na katekista pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Mgeni asiye na ukoo hapa, watu wakamfanya wao, naye akawatibu zaidi ya miaka sitini.

Jumapili hii baada ya Misa, wale mnaofanya kazi pamoja, kaeni dakika kumi. Kila mmoja aandike namba ya ndugu yake wa karibu na kumpa mwenzake mmoja. Yule mgeni aliyekuja mwezi uliopita, ambaye hata jina la pili hamlijui, mwanzeni na yeye.