Akiba Inayooza

Wahenga walituachia msemo kwamba akiba haiozi. Sina ugomvi na msemo huo unapohusu fedha ya kibubu, au neno ambalo mtu amelimeza badala ya kulitamka kwa hasira. Lakini iko akiba moja ya siku hizi ambayo huoza, tena huoza hata isipoguswa: ni nguvu ya umeme iliyofungiwa ndani ya betri ya kompyuta mpakato, hii tuiitayo laptopu. Nakuomba, msomaji wangu, tuitafakari akiba hiyo kidogo, kwani ndani yake nimekuta swali la zamani sana: mtu achukue kiasi gani cha kitu ndipo aseme, hiki kinanitosha?

Swali lenyewe lilinijia kwa njia ya kawaida tu. Binti wa dada yangu alipangiwa kufundisha shule ya sekondari ya kijijini, ambako umeme hukatika asubuhi na kurejea alasiri, ukipenda. Alihitaji laptopu ya kuandalia masomo na kutunzia alama za wanafunzi, nami ndiye niliyeahidi kuinunua. Dukani tulionyeshwa aina moja yenye betri za namna mbili, moja ya wati-saa 40 na nyingine ya wati-saa 60. Pembeni yake ikawekwa kompyuta kubwa, ya bei ya juu, yenye wati-saa 99.

"Mjomba, tuchukue hii kubwa," alisema binti.

Muuza duka akamuunga mkono. "Kweli, mzee. Chukua kubwa, akiba haiozi."

Fedha niliyokuwa nayo ingetosha ile kubwa. Lakini ndani ya fedha hiyo mlikuwamo pia ada ya mdogo wake.

Tuanze na ahadi. Boksi la ile ya wati-saa 60 lilijigamba kwamba betri hudumu saa 15. Hesabu yake si ngumu. Wati-saa ni kama maji yaliyomo mtungini, na wati ni kasi ya kuyachota. Kompyuta inayotumia wati 10 itaumaliza mtungi wa wati-saa 60 kwa saa 6. Ili ufike saa 15, lazima itumie wati 4 tu, yaani kioo kimefifishwa, na mashine karibu imelala. Mwalimu anayefanya kazi mchana, akiwa ameongeza mwanga wa kioo, amefungua kurasa kadhaa za intaneti na jedwali la alama, atatumia wati 8 au 10, na pengine zaidi.

Je, boksi lilisema uongo? La hasha. Saa hizo 15 huenda zipo, ila ni za siku ambayo hakuna mtu anayeiishi. Anayekupa kipimo cha siku ya namna hiyo hajakudanganya, lakini hajakuheshimu pia. Hata hivyo tusimlaumu yeye peke yake. Tunaipenda tarakimu kubwa kwa sababu inatuondolea kazi ya kuijua siku yetu wenyewe: naamka saa ngapi, nafanya nini, nakaa mbali na umeme kwa muda gani. Anayeijua siku yake si rahisi kumuuzia asichokihitaji.

Sasa tuje kwenye kuoza. Betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, huchakaa kwa kuchajiwa na kutumiwa, na huchakaa pia kwa kukaa tu. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, betri nyingi hubaki na uwezo wa kama asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Zinazochakaa upesi zaidi ni zile zinazowekwa zimejaa pomoni siku zote, hasa penye joto. Ndiyo maana kompyuta nyingi za leo zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Hapa kuna fundisho la ajabu: anayeilimbikiza nguvu hii mpaka juu kabisa, akaiacha ikae isitumike, ndiye anayeipoteza mapema.

Na akiba hiyo ina gharama inayolipwa na watu wengine. Ndani ya betri nyingi za laptopu mna kobalti, madini ambayo profesa John Goodenough na wenzake walionyesha matumizi yake huko Oxford mwaka 1980. Naye alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi hiyo, akiwa na umri wa miaka 97. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa huko Lualaba, kwenye machimbo ya Kolwezi na viunga vyake. Sehemu yake huchimbwa kwa sururu na koleo, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza habari za watoto waliokuwa wakiokota, kuosha na kubeba madini hayo. Watu wa Kolwezi wanazungumza Kiswahili. Mtoto wa huko akilia, analia kwa lugha tunayoielewa wewe na mimi bila mkalimani.

Yamkini utasema: basi sote tuchukue betri ndogo kabisa. Hapana, huko nako ni kukosa haki. Ni rahisi kwa mtu mwenye soketi kila ukuta kumhubiria mwalimu wa kijijini habari za kiasi. Tena tazama jinsi dunia ilivyopangwa: betri kubwa aghalabu huwekwa kwenye kompyuta za bei ghali, zinazonunuliwa na watu ambao hawakai mbali na umeme hata nusu siku, na anayeishi gizani huachiwa ile ndogo. Hata ukomo wa wati-saa 100, unaozifanya kompyuta kubwa ziishie 99, haukuwekwa na dhamiri zetu. Umetokana na kanuni za usafiri wa ndege, kwa hofu ya moto.

Kiasi, basi, si udogo. Kiasi ni kitu kulingana na haja. Binti alihitaji saa 5 mfululizo kwa wati 8, yaani wati-saa 40. Ile ya 40 ingemtosha mwaka wa kwanza, kisha ingemwangusha. Ukitaka ibaki 40 baada ya kuchakaa, anza na 50. Kwa hiyo ya 60 ilimtosha, na ikabaki kidogo kwa siku mbaya. Ndiyo niliyoinunua, na ada ikalipwa.

"Na umeme ukikosekana siku mbili, mjomba?" aliniuliza, bado hajaridhika.

Lilikuwa swali la haki. Lakini siku mbili za giza haziponywi hata na ile ya 99. Zinaponywa na jirani mwenye sola, au ofisi ya kata yenye jenereta, au mwenzako atakayekwambia, "Lete chaja yako hapa." Nimeanza kuamini kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita akiba ni tamaa ya kutomhitaji mtu. Tunataka mtungi mkubwa ili tusibishe hodi kwa jirani.

Msomaji wangu, kabla hujalipia cha ziada, ihesabu siku yako kwa uaminifu. Ongeza kidogo kwa ajili ya uchakavu, maana kila kitu huchakaa. Kinachobaki juu ya hapo jiulize kinalipwa na nani, na wewe unakiogopea nini. Wahenga hawakukosea, hawakuwa na betri. Akiba waliyoijua wao aghalabu iliwekwa kwa watu, kwa jirani na kwa ndugu, na hiyo mpaka leo sijaiona ikioza.