Mwili Mbele ya Kamera

Video za muziki wa roki zimekopa sana kutoka kwa dini. Misalaba, malaika walioanguka, karamu ya mwisho, mfu anayetoka kaburini: yote yamepita kwenye skrini, mara nyingi mikononi mwa watu wasiodai kuamini chochote. Swali linalozuka hapo ni la kifalsafa kabla halijawa la sanaa. Picha takatifu ikitolewa katika ibada na kutiwa ndani ya wimbo wa dakika nne, je, inaweza bado kusema kweli? Wapo wanaojibu kwamba haiwezi, kwa sababu imani ya aliyeitengeneza ndiyo inayoipa uhai. Wengine husema ukweli hauhusiki kabisa, kwani video ni pambo, na pambo hupimwa kwa macho. Pande zote mbili, naona, zinatafuta jibu pasipokuwa na jibu. Picha ya namna hii hupata ukweli wake pale mwili wa binadamu, unaozeeka na utakaokufa, unapoitolea ushahidi. Mitindo ya video za roki tangu miaka ya 1970 inaweza kusomwa kama historia ya kuukimbia mwili huo na kuurudia.

Mwaka 1975 bendi ya Queen ilitengeneza video ya "Bohemian Rhapsody" chini ya mwongozaji Bruce Gowers, kwa kazi ya saa chache tu. Nyuso nne zinajitokeza gizani, mwanga ukizishukia kutoka juu. Mwimbaji wao Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitoka katika familia ya Waparsi wafuasi wa Zoroasta, na mtu anaweza kushawishika kuuona mwanga ule kama urithi wa dini inayoheshimu moto na nuru. Lakini chanzo chake kinajulikana. Mpangilio ule ulitoka kwenye jalada la albamu yao ya 1974, Queen II, lililopigwa picha na Mick Rock kwa kuiga picha ya mwigizaji wa sinema Marlene Dietrich. Ni mwanga wa Hollywood, na kazi yake ni kumwondolea mtu umri, jasho na ardhi anayoikanyaga. Tunaona utukufu, ila ni utukufu usiogharimu kitu. Muongo uliofuata uliendeleza njia hiyo. Baada ya kituo cha televisheni cha MTV kuanza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, mafundi walishindana kuugeuza mwili kuwa kitu kingine: mchoro wa penseli katika "Take On Me" ya a-ha mwaka 1985, matunda na udongo wa kufinyangwa katika "Sledgehammer" ya Peter Gabriel mwaka 1986. Hizo ni kazi za ustadi mkubwa na furaha ya kweli, lakini mwili ndani yake hauwezi kuumia, na kisichoweza kuumia hakina cha kushuhudia.

Miaka ya 1990 ilikuja na huzuni, na huzuni ikafungua tena ghala la dini. Katika "Losing My Religion" ya bendi ya R.E.M. mwaka 1991, mwongozaji Tarsem Singh alipanga watu kama michoro ya mchoraji Caravaggio: Mtakatifu Sebastiano na mishale yake, miungu ya Kihindu, mzee mwenye mabawa, na mtume Tomaso akilichunguza jeraha la Kristo. Wimbo wenyewe unahusu mapenzi yasiyojibiwa, kwa hiyo picha hizo zimeazimwa kwa ajili ya uzito wake tu. Miaka miwili baadaye Anton Corbijn, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti wa Uholanzi, alimpandisha mzee msalabani katika "Heart-Shaped Box" ya Nirvana, akiwa na kofia ya Krismasi kichwani. Rangi kali zilizopakwa juu ya picha zinaifanya Golgotha ifanane na jinamizi la mtoto mgonjwa. Video zote mbili zinamtia mtazamaji mashaka. Hata hivyo mashaka hayo ni ya kupangwa, maana waliobeba alama za mateso ni waigizaji waliokodiwa kuyaigiza. Tomaso hakuridhika kusimuliwa jeraha. Alitaka kuligusa, na kwa kipimo chake video hizi zinabaki kuwa masimulizi.

Jeraha lenyewe lilikuwa mahali pengine, katika video isiyo na alama yoyote ya dini. Mwezi Mei 1991 Queen walirekodi video ya "These Are the Days of Our Lives", na ilitolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili kuficha jinsi Mercury alivyodhoofika. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Mtindo uliokusudiwa kusitiri ukageuka kukiri, kwa sababu macho hayawezi kukosa kuona namna anavyosimama kwa uangalifu, kama mtu anayehesabu nguvu zake. Zaidi ya miaka kumi baadaye mwongozaji Mark Romanek alifanya kwa makusudi kile ambacho video ile ilikifanya bila kutaka. Alimpiga picha mwimbaji Johnny Cash, mwenye umri wa miaka 70, akiimba "Hurt", wimbo ulioandikwa na Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails, na akalionyesha jumba la makumbusho la Cash likiwa limefungwa na kuchakaa. Ndani yake zimo picha za Kristo msalabani kutoka filamu ya mwaka 1973 ambayo Cash mwenyewe aliigharimia. Msalaba huu si mzito kuliko ule wa Corbijn kwa sababu Cash alikuwa muumini. Unakuwa mzito kwa sababu umewekwa kando ya mikono inayotetemeka, na mkono unaomimina divai juu ya karamu ni mkono wa mtu anayeaga.

Litakuja pingamizi kwamba hisia hizi zinatokana na habari tuliyoipata baadaye: tunajua Cash alifariki, basi tunasoma kifo katika kila fremu. Pingamizi hili lina nguvu, lakini tarehe zinalipunguza. "Hurt" ilipata tuzo ya upigaji picha ya MTV Agosti 2003, Cash akiwa bado hai, akafariki Septemba. Mfano wa mwanamuziki David Bowie unakwenda mbali zaidi. Video ya "Lazarus" ilitoka tarehe 7 Januari 2016, siku tatu kabla ya kifo chake, naye yumo kitandani, macho yamefungwa bendeji. Mwongozaji Johan Renck alieleza kwamba kitanda kile kilitokana na habari ya Lazaro katika Biblia, wala si ugonjwa wa Bowie. Basi nia ya mwongozaji ilikuwa moja na ushahidi wa mwili ukawa mwingine, na ulioshinda ni ushahidi.

Pingamizi la pili ni la kibiashara: video ni tangazo, na tangazo haliwezi kuwa tafakuri. Lakini makanisa ya Italia nayo yalimlipa Caravaggio, na matajiri walinunua michoro ya mafuvu ya kuwakumbusha mauti. Malipo hueleza kwa nini picha ilitengenezwa. Hayaelezi inatudai nini tukishaitazama.

La tatu ni zito kuliko yote, nalo linatoka kwa waumini. Mwislamu atauliza kuna haja gani ya picha, na atakumbusha kwamba Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliusomesha moyo somo la mauti kwa kuyatazama magofu ya Pate, bila kuhitaji mchoro hata mmoja. Nakubali, na naona hoja hiyo inaunga mkono ninayosema. Mshairi yule alitaja kuta zilizobomoka kweli za watu waliokufa kweli, na uzito wa maneno yake unatoka huko. Onyo la dini dhidi ya sanamu linalenga hasa picha inayojifanya haifi. Kwa kipimo hicho, nyuso zile za 1975 zina mashaka zaidi kuliko msalaba wa "Hurt", ingawa hazina alama ya kumkera yeyote. Kwa hiyo anayetaka kujua kama video imelidhalilisha jambo takatifu asianze kwa kuhesabu misalaba iliyomo. Aulize nani amesimama karibu nayo, na kama kusimama hapo kumemgharimu chochote.